Tanga hadi Bagamoyo kwa njia ya pwani, tena na kigari kidogo

Kila niliyemwambia nakwenda Bagamoyo kwa kupitia Pangani alinijibu yaleyale: bila gari la juu hufiki, pita Segera na Chalinze kama wenzako. Nilipowabana, hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka kivuko cha Pangani. Basi mimi nimepita na kigari changu cha kwendea kazini, mke na mabegi ndani, na bampa bado ipo mahali pake.

Tulitoka Januari, kaskazi inavuma na vumbi tele. Masika sikushauri, hapo waoga wana haki yao.

Kituo cha kwanza Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale yenye nguzo. Miamba ya mbele ya hapo ndiyo iliyoinasa São Rafael, merikebu ya msafara wa Vasco da Gama, mwaka 1498, ikabidi wangoje maji yajae. Mwaka uliofuata waliichoma moto wenyewe, mabaharia wa kuiendesha hawakutosha.

Kigombe usiende kichwakichwa, tazama mwezi kwanza. Ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, na maji hukupwa kabisa kwenye saa nne, saa tano asubuhi. Mwamba unabaki nje, wavuja jasho wanarudi na pweza. Mama mmoja alikuwa akimpiga wake juu ya jiwe, povu linatoka kama la sabuni, huku tunapatana bei. Elfu kumi na kitu. Ukifika saa nane utakuta nyavu zimeanikwa na paka wamelala.

Pangani tulipaangalia haraka, mji ambao Wajerumani walimnyongea Abushiri mwaka 1889, tukavuka mto kwenda Bweni, ng'ambo.

Sasa Ushongo. Njia ya kushukia ufukweni ni mchanga mtupu, na gari likazama. Akatokea kijana wa bodaboda, mjuaji kweli: "Kanyaga mafuta, bro, usiogope!" Nikakanyaga. Tairi zikachimba, mchanga ukamwagikia miguu ya mke wangu aliyekuwa anasukuma, gari likakalia tumbo. Kijana akasema niongeze. Mke wangu akamwangalia, akanyamaza.

Ndipo akaja mzee mmoja, kabeba dema, ule mtego wa samaki, begani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Zima hiyo kitu, mwanangu."

Akaweka dema chini, akaokota kijiti, akabonyeza valvu ya tairi la mbele. Upepo ukatoka fsss, yeye midomo inacheza kama anahesabu, hadi tairi likabonyea ubavuni. Akafanya hivyo yote manne. Tukafukua mchanga kwa mikono, tukalaza makuti nyuma ya tairi. "Usiende mbele. Rudi palepale ulipopita, polepole, usukani usicheze." Gari likapanda juu ya makuti, likatoka bila hata kuguna! Nilimpa hela ya sigara akasema havuti, akachukua ya sukari.

Kujaza upepo ndiko kulikonitoa jasho. Fundi pikipiki alikuwa na pampu ya mkono tu, na watoto wa kijiji walipokezana kupampu kwa malipo ya biskuti hadi jua likaegemea. Siku hizi natembea na kapampu kangu, ka bei ndogo tu, kanakochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari.

Baada ya Mkwaja unaingia Saadani, hifadhi ya taifa pekee nchini inayogusa Bahari ya Hindi. Wahi geti kabla ya jioni na uwe na mafuta ya kutosha. Mimi nilijaza Tanga. Twiga tuliwaona, ngiri ndio usiseme. Pale kijijini Saadani nikanunua kamba, nikawatia barafu kwenye ndoo ya rangi. Bagamoyo walifika wazima kabisa. Ndoo ndiyo ilikuwa na ufa, na mke wangu anaapa kwamba kiti cha nyuma kinanuka hadi leo.