Yonaguni, kilomita 110 kutoka Taiwan

Mawimbi yalikizuia kivuko cha kutoka Ishigaki, kisiwa jirani, nikapanda ndege ndogo ya pangaboi. Baada ya nusu saa nilikuwa Yonaguni, kisiwa cha mwisho cha Japani upande wa magharibi. Kina wakazi wapatao 1,700 na mashamba ya miwa. Taiwan iko kilomita 110 tu. Tokyo iko karibu 2,000.

Kwenye bandari ya Kubura wavuvi walikuwa wanampima sulisuli aliyening'inizwa kwa mnyororo, damu ikichuruzika sakafuni. Mzee mmoja akanisogezea kreti nikae. Kijana niliyefuatana naye alinitafsiria habari za Agosti 2022, China ilipofanya mazoezi ya kivita kuizunguka Taiwan baada ya Nancy Pelosi, spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani wakati huo, kukitembelea kisiwa hicho. Makombora matano yaliangukia ukanda wa kiuchumi wa Japani baharini, moja likiwa kama kilomita 80 kutoka hapa. "Ndiko tunakovua," mzee alisema. Wazazi wake walikuwa wakivuka kwenda Taiwan kutafuta kazi na kuuza samaki, maana ilikuwa koloni la Japani tangu 1895 hadi 1945.

Kambi ya jeshi yenye rada ilifunguliwa 2016. Katika kura ya maoni ya 2015, watu 632 waliikubali na 445 wakaikataa. Mama mwenye nyumba niliyofikia aliikataa, kaka yake akaikubali, na mpaka leo wakila pamoja hawaigusi habari hiyo.

Novemba 2025 Waziri Mkuu Takaichi Sanae aliliambia bunge kwamba shambulio dhidi ya Taiwan laweza kuhatarisha uhai wa Japani yenyewe. Beijing ikawataka raia wake wasiende Japani, ikazuia tena samaki wa Japani. Hofu ya Tokyo naielewa: uchumi wa China uliupita wake 2010, na tangu serikali ya Japani ivinunue 2012 visiwa vya Senkaku, ambavyo China nayo inavidai na kuviita Diaoyu, meli za walinzi wa pwani wa China haziishi kuvizunguka. Uchungu wa Wachina kwa uvamizi wa Japani naujua pia. Ila kisiwa hiki kinachopangiwa makombora ya kutungulia ndege hakina hospitali. Wajawazito huenda kujifungulia ng'ambo.

Serikali ina mpango wa kuwahamishia wakazi wote Kyushu, kisiwa kikubwa cha kusini mwa Japani, vita vikinukia. Yule mama alinionyesha zizi lake, akauliza ni nani atakayebaki kuwalisha ng'ombe. Anasema amewauliza maofisa, na bado hajajibiwa.