Ndoo Iliyopigwa Teke

Jioni hii, katika darasa letu la Kiingereza la watu wazima hapa Mwanza, tulifika kwenye nahau, na mada niliyoipangia dakika chache ikala kipindi kizima.

Mama mmoja muuguzi, anayejiandaa kwa mtihani wa lugha, alikwisha kukariri kwamba "kick the bucket" maana yake ni kufa.

Akasimama, akaigeuza sentensi yake kutoka kauli ya kutenda kwenda kauli ya kutendwa, akasoma kwa sauti ya kujiamini: "The bucket was kicked by the old man", yaani ndoo ilipigwa teke na mzee.

Sarufi ilikuwa safi, lakini mzee alikuwa amefufuka. Kilichobaki ni ndoo na teke.

Nikaeleza kwamba nahau hiyo haikubali kutendwa, ilhali "spill the beans", neno kwa neno kumwaga maharage, yaani kutoboa siri, huikubali bila taabu. Akauliza kwa upole, huku kalamu ikiwa tayari juu ya daftari, ni nini kinachozitenganisha. Nikamjibu kwamba maharage yanasimama badala ya siri, lakini ndoo haisimami badala ya chochote.

Binafsi sipendi somo hili lianze na "raining cats and dogs", yaani mvua kubwa kunyesha, ambayo Waingereza wenyewe huitamka kwa nadra; afadhali "under the weather", kwa maana ya kutojisikia vizuri, ambayo muuguzi huyu ataisikia wodini.

Ndugu zangu, ni nahau gani ya Kiingereza iliyowatoa jasho?