Bata mzinga wangu wa Idi pili, na ile ndoo ya maji ya chumvi

Jamani naandika hii nikiwa na raha ya kweli, maana mwaka mzima nilikuwa na dukuduku na bata mzinga. Wifi yangu anaishi Marekani, kule Alhamisi ya nne ya Novemba ile sikukuu yao ya shukrani karibu kila nyumba wanamuoka mzima mzima, sasa alipokuja Tanga Idi ndogo ya mwaka jana akaniambia wifi, kuku tumewachoka, safari hii tutafute bata mzinga. Mimi nakaa Ngamiani na kupika ndio kazi yangu, pilau la watu mia naliivisha bila mtu kunisaidia kuonja, nikasema haya, aletwe.

Akaletwa dume kubwa kutoka Pongwe, laki na ishirini na kitu, amefungwa miguu nyuma ya bodaboda. Akachinjwa saa mbili asubuhi, saa nne yuko jikoni kwangu. Na hapo ndipo washauri wakaanza. Wa kwanza, shoga huyo mgumu huyo, mchemshe kwanza saa nzima ndio umuoke. Wa pili, mmwagie siki na ndimu za kutosha alainike. Wa tatu akaja na papai bichi kabisa, kalimenya mwenyewe, kaliponda, ananiambia mpake mwili mzima umwache. Nikafanya yote matatu, ndio, yote, maana wote walikuwa wanaongea kama watu wanaojua, na kati yao hakuna hata mmoja aliyewahi kumpika. Hilo nililijua baadaye na mpaka leo linanikera.

Alivyotoka sasa. Juu nyama imekuwa kama uji mzito, unaigusa inabaki kwenye kidole, hiyo ndio kazi ya papai. Ukipita hapo ukifika ndani ya kifua unakutana na mkonge. Sisi watu wa Tanga mkonge hatuhadithiwi, tumeuona unaanikwa, na nakwambia zile nyuzi zilikuwa zilezile, nyeupe, ndefu, kavu. Mama mkwe alichukua kipande akatafuna, akatafuna, akashushia na maji, halafu akaniambia taratibu, "Mwanangu, paja lake lina ladha." Kifua chote kikarudi na sinia. Niliingia jikoni nikalia.

Wifi kabla hajaondoka ndio akaniambia kule wengi wanamlaza kwenye maji ya chumvi usiku kucha. Nilishangaa, mi nilijua chumvi inakausha, si ndio tunavyokaushia samaki? Lakini kumbe ni kiasi na muda. Nyama ukiipasha moto nyuzi zake zinajikaza zinakamua maji nje kama mtu anakamua nguo, na bata mzinga kifuani hana mafuta ya kumuokoa. Chumvi ya kiasi ikishaingia inazilegeza zile nyuzi zisijikaze sana, na nyama inakunywa maji kidogo kabla ya kupikwa, kwa hiyo hata ikipoteza mengine motoni bado imebaki nayo. Siki na ndimu haziendi huko ndani, zinaishia juu na ukizidisha zinaichakaza nyama. Na ile kuchinja saa mbili kupika saa nne ni kosa peke yake, ndege akichinjwa nyama inakakamaa, unatakiwa umwache mahali pa baridi masaa mengi mpaka alegee mwenyewe.

Sikutaka kupoteza laki nyingine kwa kujaribia, kwa hiyo mwaka huu Shaabani nikanunua kuku wa kisasa wawili. Wa kwanza nilimuharibu vizuri sana. Nilifuata kipimo cha wifi, kikombe kimoja cha chumvi kwa galoni, galoni ya kwao ni kama lita nne kasoro, nikapima kikombe kimejaa chumvi yetu laini ya pakiti, na kwa kuwa nilitaka akolee nikamlaza siku mbili. Akawa na chumvi ya ng'onda, na nyama inateleza kwenye meno kama soseji, wanangu wakamwacha. Nikampigia wifi simu usiku kumuuliza chumvi yako ikoje hebu nionyeshe, akawasha kamera, nikaona chengachenga kubwa nyepesi kama mabarafu madogo. Pale pale nikaelewa. Kikombe cha chengachenga zile kinaweza kuwa nusu tu ya uzito wa kikombe cha chumvi laini, ina maana nilikuwa nimeweka kama mara mbili. Kikombe kinadanganya, mizani haidanganyi. Asubuhi nikaenda na chumvi yangu kwa muuza duka wa kona nikamwambia mwanangu nipimie hii gramu sitini, akanipimia, nikaiona kwa macho ilivyo. Kipimo nilichokishika ni hicho, gramu 60 kwa lita moja. Na hapo ndipo nikapata hesabu ambayo sasa naitembeza mtaa mzima: pakiti ya nusu kilo kwenye maji lita 8. Hakuna kikombe wala kijiko, unachana pakiti unamwaga yote. Ukiyaonja ni makali, maji ya bahari ya Raskazone yana kama gramu 35 kwa lita, haya yanakaribia mara mbili.

Yule kuku wa pili nikamlaza masaa sita tu, kuku mdogo hahitaji zaidi, tukamla siku ya vunja jungu. Kifua kilikuwa kinatoa maji ukikikata. Nikajua nimeshapata njia.

Sasa likaja la mwezi. Bata mzinga anataka kulazwa masaa kumi na mbili mpaka kumi na nne, ukizidisha sana unarudi kwenye soseji, na Idi huwezi kujua ni kesho au keshokutwa mpaka mwezi uandame. Nikimchinja tarehe 29 ya mfungo mwezi usionekane nitamfanya nini? Nilifikiria hilo wiki nzima halafu nikaamua bata mzinga ni wa Idi pili. Idi mosi pilau na biriani kama kawaida, asubuhi hiyo hiyo achinjwe, na mwezi uandame utakavyo mimi sina presha. Huu uamuzi naujivunia kuliko hata mapishi yenyewe.

Nilitafuta jike safari hii, bei ikapungua, akanyonyolewa akasafishwa akabaki kilo tano. Mchana kutwa akakaa kwenye friji baada ya kutoa rafu moja. Maji lita mbili nikayachemsha na chumvi, sukari vijiko vichache, pilipili manga, mdalasini na maganda ya machungwa ya Muheza, nikaongeza maji baridi yaliyochemshwa mpaka lita nane, nikasubiri yapoe kabisa kabisa. Usimtie ndege kwenye maji ya vuguvugu, unafuga vijidudu. Na hayo maganda na mdalasini ni ya harufu tu, ukweli ni kwamba kinachoingia ndani vizuri ni chumvi, viungo vingi vinabaki juu, kwa hiyo usimalize hela za binzari kwenye ndoo.

Ndoo ya lita 20 friji yangu haiimezi na joto la Tanga mnalijua. Nikaazima deli, lile boksi la kutunzia baridi, kwa kaka mmoja anayeuza samaki pale Deep Sea, nikalisugua na sabuni na majivu mara tatu mpaka harufu ya samaki ikatoka, nikanunua na barafu hukohuko. Lakini barafu usiitie ndani ya ndoo, ikiyeyuka inazimua chumvi yote uliyoipima. Barafu nikaijaza pembeni ya ndoo ndani ya deli, na ndani ya ndoo nikatumbukiza chupa mbili za maji zilizogandishwa, zimefungwa na kuoshwa nje. Zinapooza bila kuongeza hata tone. Nilimshusha ndege kifua chini, akatoa mapovu bluu bluu bluu maji yanaingia tumboni, miguu ikawa inaelea, nikamkandamiza na sahani nzito ya udongo mpaka akazama wote. Saa sita usiku nikaamka kubadilisha chupa, nikatia mkono, ulikuwa unauma kwa baridi, nikalala kwa amani.

Saa mbili asubuhi nikamtoa, nikamfuta na kitambaa safi nje na ndani, nikamrudisha kwenye friji wazi juu ya sinia masaa matatu ngozi ikauke. Ukiruka hapo ngozi itakuwa laini kama ya kuchemsha. Halafu samli, thomu, pilipili manga. Chumvi hapana! Wifi mdogo alikuwa tayari ameshika kopo la chumvi nikamshika mkono.

Oveni sina. Nilimuoka kwenye sufuria la pilau, chini nimepanga vigae vitatu asiguse, mkaa kidogo chini, juu ya mfuniko nikapalia mkaa mwingi. Moto wa juu uwe mkubwa kuliko wa chini, hilo kila aliyeoka mkate wa mchele analijua. Kifua kilipopata rangi nikakifunika na foili ili mapaja yaendelee. Kama masaa mawili na nusu. Nilikuwa na kipimajoto cha nyama nilichoagiza Dar, elfu kumi na kitu, nikakichoma kwenye kifua pale pananene, nyuzijoto 74 za Selsiasi, paja 80 na zaidi. Hicho kipimajoto nunueni, mambo ya kukisia kwa rangi ndio yanayokausha watu. Nikamtoa, nikamwacha nusu saa bila kumgusa, watoto wananung'unika njaa, nikasema hakatwi.

Ule mchuzi uliodondoka chini ya sufuria una chumvi tayari, kwa hiyo nikautia tui la nazi zito na ndimu, sikuongeza kitu kingine.

Kisu kilipoingia kifuani maji yalitoka yakatiririka kwenye sinia. Kipande kinakatika laini, kinang'aa, si mkonge tena. Aliyenishauri papai alikuwepo, akala, akauliza umetia nini, nikamwambia chumvi pakiti ya nusu kilo, akaguna, hakuamini. Wifi alikuwa kwenye simu ya video analalamika kwa nini nisingemsubiri.

Waliokosa barafu wasikate tamaa, mwezi uliofuata nilifanya bila maji kabisa, ndege wa kukatakata vipande, gramu 15 za chumvi kwa kila kilo ya nyama, unampaka mpaka chini ya ngozi, anakaa kwenye friji usiku kucha. Ngozi inakauka vizuri zaidi na hakuna kuamka saa sita.

Mama mkwe nilimwekea paja kama anavyopenda. Akalisogeza pembeni, akanyoosha sahani yake akasema, "Mwanangu, nikatie pale kifuani." Nikamkatia, akala, akaninyooshea tena.