Neva zangu zilivyopewa kazi mpya

Mguu wangu wa kulia ulikatwa chini ya goti mwaka 2019, baada ya lori nililokuwa naendesha kuteleza kwenye barafu huku Marekani. Kidonda kilifunga vizuri. Kilichonitesa ni vidole ambavyo sikuwa navyo tena: usiku vilijikunja na kuungua kana kwamba vimetiwa kwenye makaa. Halafu pembeni mwa gutu palikuwa na sehemu ndogo kama punje ya hindi. Mguu bandia ukipagusa tu, napigwa shoti hadi nyongani.

Mama, aliye Muheza, aliniuliza kwenye simu, "Mwanangu, huo mguu waliuzika wapi?" Aliamini umelazwa vibaya ardhini, ndiyo maana vidole vinajikunja. Sikumbishia. Hata mimi sikuwa na maelezo bora.

Kwa miaka miwili nilikuwa nasema "mguu unauma", na jibu likawa kuongezewa gabapentini, dawa ya maumivu ya neva (mishipa ya fahamu), mpaka nikawa nasinzia mchana kutwa. Mambo yalibadilika nilipoanza kuandika kwenye daftari, kila maumivu upande wake: ya gutu huku, ya mguu usiokuwepo kule, pamoja na saa na kilichoyachokoza. Nilimpelekea daktari mwingine, bingwa wa upasuaji wa neva. Alisoma, akagonga ile sehemu kwa ncha ya kidole. Niliruka. Akanidunga sindano ya ganzi palepale, na baada ya dakika chache vidole vyangu vikakunjuka. Ilidumu saa chache tu, lakini nililia, maana nilikuwa nimesahau kukaa bila maumivu kukoje.

Alinieleza kwamba neva ikikatwa haifi. Inaendelea kuchipua ikitafuta mahali pa kwenda, na isipopata inajisokota kuwa kinundu kinachoitwa nyuroma. Njia ya zamani ni kukata ncha na kuificha ndani ya msuli, lakini bado haina kazi. Huko Chicago, kuanzia mwaka 2002, Todd Kuiken na Gregory Dumanian walianza kuunganisha neva zilizokatwa na misuli mingine ili mtu aweze kuendesha mkono bandia kwa kuwaza. Baadaye ikaonekana kwamba maumivu nayo yanapungua. Mwaka 2019 wakachapisha utafiti wa wagonjwa 28 uliolinganisha njia hiyo na ile ya kuificha.

Nilikubali kufanyiwa upasuaji huo. Neva kubwa ya nyuma ya mguu ilishonewa kwenye tawi dogo linaloamrisha msuli wa shavu la mguu. Tawi hilo hukatwa makusudi, ili msuli ubaki ukisubiri amri na neva ipate wa kumwamrisha. Neva nyingine, ya kuhisi ngozi tu, waliifunga ndani ya kipande kidogo cha msuli wangu mwenyewe, njia iliyoendelezwa Chuo Kikuu cha Michigan na Paul Cederna na wenzake.

Nisifiche: wiki za mwanzo zilikuwa mbaya kuliko kabla ya upasuaji, na nilijuta waziwazi mbele ya mke wangu. Neva hukua kama milimita 1 kwa siku, hakuna cha kuiharakisha. Mwezi wa nne baada ya upasuaji ile shoti ilikwisha, mguu bandia nikauvaa kutwa. Vidole bado huja nikichoka au baridi ikizidi, lakini sasa vinawasha tu, haviungui. Gabapentini niliipunguza polepole kwa maelekezo ya daktari. Usiithubutu kuiacha ghafla.

Kinachoniuma ni kwamba kazi hii inaweza kufanywa siku ileile mguu unapokatwa. Mjomba wangu alipoambiwa atakatwa mguu kwa sababu ya sukari, nilimsihi amuulize daktari wake swali moja kabla ya kusaini: "Neva mtazifanyaje?" Si kila hospitali ina mtaalamu wa kushona neva kwa darubini, lakini swali hilo humfanya daktari aziwazie neva mapema, na kama yuko mtaalamu mji wa jirani, mgonjwa atajua kabla ya kisu.

Juzi nilimpigia Mama kwa video. Nikamwonyesha gutu, nikawaza kukunja vidole, na msuli wa shavu la mguu ukaruka. Akaniambia nirudie.