Fremu ya kioo: kona zote nne zimefunga!

Wakuu, zimefunga. Kona zote nne, mninga, hata karatasi haipenyi kwenye maungio. Nina raha aisee.

Mnaofanya hizi kazi mnaujua huu ugonjwa, kona tatu zinakaa safi halafu ya nne inaacha mwanya. Fremu ina mikato minane, kila mmoja ukipotea nusu digrii upande uleule, ukifika kona ya mwisho zimeshakuwa digrii 4, hapo bana na klampu zote za Moshi, ukifunga huku inafunguka kule. Mashine ya kukatia kona imenitesa sana, nasogeza kidogo nakata napima nasogeza tena, ile alama ya digrii 45 ya kiwandani (kila mbao inakatwa 45 ili mbili zitoe kona ya 90) msiiamini, na diski ikiwa butu kwenye mninga wenye nyuzi zilizosokotana inayumba tu.

Dawa ni kibao cha kurandia. Plaiwudi, juu yake nimekaza pembetatu yenye kona ya 90, na nguvu zangu zote nimezimalizia kwenye hiyo 90, napima na skwea, kile kipimo cha kona ya 90, naigeuza skwea napima tena. Mbao moja unairandia kushoto kwa pembetatu, mwenzake kulia. Kushoto ikitoka 45.3 basi kulia inatoka 44.7, zikikutana ni 90 ileile! Huna haja ya kuifukuza 45 tena. Randa ya mkono tu, ila chuma kiwe kikali hasa maana unaranda kichwa cha mbao, na mimi randa yangu ya mtumba sibadilishani na mashine ya mtu.

Urefu nao. Mbao zinazotazamana zishike pamoja, pitisha kidole kwenye ncha, ukisikia kangazi, yaani moja imezidi nyingine, randa tena, vinginevyo kona haifungi hata pembe iwe sahihi vipi. Vichwa vinakunywa gundi, paka nyembamba kwanza, subiri kidogo, ndio upake ya kuungia. Na mbao iwe kavu, ikisinyaa baadaye kona inaachia kwa ndani, ikivimba na masika inaachia kwa nje.

Leo ilikuwa siku ya vanishi lakini mchongaji mmoja kanipa mabaki ya mpingo, sasa nataka kuchana mfereji kila kona nipachike vilimi vyeusi, yaani vipande vyembamba vya mpingo vya kuishika kona, vanishi isubiri. Kwa mifereji hiyo nahitaji msumeno wa mgongo, ule wenye chuma kizito juu kinachouzuia usipinde, wenye meno madogo, madukani hapa Moshi nakuta meno makubwa tu, anayejua unapatikana wapi anielekeze.