Gitaa la ridhimu lilivyonifundisha kuandika na wenzangu

Mwishoni mwa wiki hupiga gitaa la ridhimu katika bendi ndogo ya muziki wa dansi jijini Dar es Salaam, na siku za kazi huongoza kundi la waandishi wa michezo ya redio. Kazi hizo mbili nilizitenganisha kabisa, hadi kundi la waandishi lilipofika mahali pa kutoelewana, ilhali bendi, ambayo baadhi ya watu wake hawatembeleani wala kupigiana simu, ilikuwa ikipiga vizuri kila Jumamosi. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza ni nini hasa kinachotuunganisha tunapokuwa jukwaani.

Bendi ya dansi ya Kitanzania huwa na gitaa la solo, solo la pili, ridhimu na besi, pamoja na dramu, tumba, vipulizo na waimbaji. Mteja aliyekaa mezani husikia zaidi solo na sauti za waimbaji. Sisi tuliosimama nyuma tunasikia kitu kingine. Wimbo unapoingia kwenye chemko, yaani sehemu yake ya kasi ya kuchezwa, mimi hupiga kipande kifupi chenye noti chache na kukirudia bila kukibadili, naye mwenzangu wa solo la pili huziweka noti zake pale ninaponyamaza. Ukimsikiliza kila mmoja wetu peke yake utadhani amesahau nusu ya wimbo, lakini tukipiga pamoja unasikika mlio wa tatu ambao hakuna kati yetu anayeupiga. Nikiongeza hata noti mbili ili nami nisikike, mwenzangu anakosa pa kupita, mpiga tumba anakosa pa kuingilia, na wanaocheza wanalihisi jambo hilo miguuni kabla sisi wenyewe hatujalitambua.

Halafu kuna suala la kutunza. Mteja akiinuka na pesa mkononi kwenda kumtunza mwimbaji, wimbo hauwezi kuishia pale ulipopangwa kuishia; mwimbaji atamtaja jina, ataurudia ubeti, pengine ataongeza maneno ambayo hatujawahi kuyasikia. Kiongozi wetu hasemi kitu. Huinua kidogo shingo ya gitaa lake, mpiga dramu huona, besi humfuata mpiga dramu, na sote tunazunguka upya kana kwamba ndivyo tulivyokubaliana tangu mazoezini. Watazamaji husema wanamuziki wa namna hiyo damu zao zimepatana. Mimi naamini kinachofanya kazi pale ni nafasi: kila mtu anaijua yake, na amezoea kuisikiliza ya jirani yake kuliko anavyoisikiliza yake mwenyewe.

Historia ya dansi letu inaniunga mkono. Mlimani Park Orchestra, maarufu kama Sikinde, iliundwa mwaka 1978 na wanamuziki waliotoka katika bendi nyingine, akiwemo Muhidin Maalim Gurumo aliyetoka Juwata Jazz, bendi iliyoanza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz na ambayo leo inajulikana kama Msondo Ngoma. Mwaka 1985 Gurumo alihamia Orchestra Safari Sound. Kuhama kwa namna hiyo kulikuwa jambo la kawaida, na kama mapatano ya bendi yangekuwa ni urafiki mtupu, Sikinde na Msondo zingekufa mara nyingi. Hazikufa. Aliyeingia alikuta wimbo umeshapangwa, akajifunza mahali pa kusimama ndani yake, kisha akaongeza chake.

Kundi letu la waandishi lilikuwa kinyume cha hayo. Kila mmoja alikuja na tukio zima lililokamilika, lenye mwanzo, kicheko na kilele chake, na kazi yangu ikawa kuunganisha vitu ambavyo havikuacha upenyo wowote wa kuunganishwa. Nilipendekeza tufuate utaratibu wa bendi, ambako mtunzi huleta maneno na sauti ya wimbo, na upangaji wa muziki hufanywa na wote wakiwa na vyombo mikononi. Mwenye wazo akatakiwa kuleta kisa katika ukurasa mmoja na kuishia hapo. Wengine waligawana wahusika kama sisi tunavyogawana magitaa: mmoja akamshika mama mwenye nyumba, mwingine mpangaji, mwingine kijana wa bodaboda, na kila mwandishi akabaki na mhusika wake mfululizo mzima.

Tuliandika kwa kusoma kwa sauti. Sharti lilikuwa kwamba hakuna kusimamisha usomaji ili kumsahihisha mwenzako. Ukiona tukio halitembei, badili maneno ya mhusika wako mwenyewe, kisha tusome tena. Mwanzoni waliona ni mchezo wa kitoto. Kilichowabadilisha ni tukio la kodi ya nyumba, ambalo mpangaji alikuwa na hotuba ndefu ya kujitetea. Aliyemshika mama mwenye nyumba hakulalamikia urefu wake. Katika usomaji uliofuata alimpa mama swali moja tu, "Funguo iko wapi?", na mwandishi wa mpangaji akaona mwenyewe kwamba hotuba yake yote haina kazi tena. Akaikata, akaacha kimya, na kimya hicho ndicho kilichobeba tukio.

Si kila kitu cha bendi kilihamia mezani. Wimbo mmoja tunaupiga mwaka mzima hadi vidole vinaujua, lakini mchezo wa redio hurekodiwa ukaisha, kwa hiyo ilibidi tuongeze usomaji kufidia marudio hayo. Tena kuna jambo la bendi nililolikataa waziwazi. Katika muziki wa dansi, jina la mtunzi ndilo linalobaki na wimbo, wakati aliyebuni kipande cha ridhimu kinachowainua watu vitini hatajwi popote, wala malipo ya utunzi hayamfikii. Kwa hiyo kabla ya kuandika mstari wa kwanza tuliandikishana: majina yote yatasomwa mwishoni, na malipo yatagawanywa sawa isipokuwa nyongeza ndogo kwa aliyeleta kisa. Ugomvi mwingi uliokuwa ukijificha ndani ya mijadala ya "sanaa" uliisha hapo, kwa sababu aliyekata mistari yake hakuwa tena anakata posho yake.

Mwandishi mpya akijiunga nasi, hatumwombi kisa. Tunampa mhusika mdogo, mara nyingi jirani anayepita na kusalimia, na kumwacha asome na wengine hadi ajue salamu yake inaingia wapi. Kisa chake anakileta baadaye, katika ukurasa mmoja kama sisi wengine.