Siku Moja ya Kazi Penang: Kila Chakula na Saa Yake

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni kwenye vyakula vya George Town, mji mkuu wa jimbo la Penang, kaskazini-magharibi mwa Malaysia. Mji huu uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008 pamoja na Melaka, na wengi huja kuangalia majengo. Anayekuja kula anahitaji ratiba kabla ya ramani. Hapa muuzaji mmoja hupika chakula kimoja, ana saa yake ya kufungua, na hufunga chakula kikiisha. Saa ninazozitaja ni za Kiswahili: saa 1 asubuhi ni pale simu inaposoma 7:00.

Saa 12:30 asubuhi

Bado giza. Saa ya Malaysia imetangulia jua la Penang, kwa hiyo kunapambazuka saa 1 ikiwa imeshapita. Meza za nasi lemak ziko tayari kandokando ya barabara, vifurushi vya jani la mgomba vimepangwa. Ndani kuna wali wa nazi, dagaa wa kukaanga, karanga, tango, kipande cha yai na sambal, rojo la pilipili. Fungua kifurushi kimoja kabla ya kununua vingine. Punje ziwe zimeachana na bado zina unyevu wa tui. Kama zimeshikana, ulipikwa kwa tui zito tangu mwanzo, na mara nyingi wa chini umeungua.

Mpwani yeyote anaijua dawa yake. Kwa vikombe 2 vya mchele, tia vikombe 2 vya tui la pili, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, vipande 3 vya tangawizi na majani 2 ya pandani yaliyopigwa fundo. Tui likikauka, mwagia juu nusu kikombe cha kasimele, funika, punguza moto, subiri dakika 10. Pandani ni wa jamii moja na mkadi wetu, ila harufu yake iko kwenye jani.

Sambal ndiyo inayotofautisha muuzaji na muuzaji. Pilipili kavu 20 huondolewa mbegu, huloweshwa kwenye maji ya moto dakika 20, kisha husagwa na vitunguu vidogo vyekundu 8 na kijiko cha chai cha belacan iliyochomwa kidogo. Belacan ni uduvi uliotiwa chumvi, ukachachushwa, ukapondwa na kukaushwa. Mchanganyiko hukaangwa kwa nusu kikombe cha mafuta, moto mdogo, dakika 25 hadi 30, mpaka mafuta yajitenge na kupanda juu. Ndipo hutiwa ukwaju na sukari. Ikiepuliwa mapema, ukali wa pilipili mbichi hubaki na kuwasha koo, na sambal huchacha kabla ya jioni. Tazama ukingo wa sufuria: usipoona mafuta mekundu, nenda meza inayofuata.

Saa 2

Roti canai kwa Wahindi Waislamu, wanaoitwa Mamak. Anayejua chapati za mafuta ataielewa mara moja, lakini hapa unga haukandwi na kusukumwa papo hapo. Madonge hukaa kwenye mafuta saa 4 au zaidi, mara nyingi usiku kucha, ndipo mpishi ayarushe hewani hadi yawe membamba kiasi cha kupitisha mwanga. Donge lisilopumzika hupasuka likirushwa. Ikitoka kwenye bamba, roti hupigwa kwa viganja pande zote mbili ili matabaka yaachane. Ile iliyopikwa mapema na kurundikwa huwa ngumu, basi omba itengenezwe mbele yako. Huja na mchuzi wa dengu. Omba na wa samaki pia.

Saa 3:30

Mkahawa wa Kichina, kopitiam. Kahawa hapa hukaangwa pamoja na sukari na siagi ya mimea, ndiyo maana ni nyeusi sana na ina harufu ya sukari iliyoungua. Ukisema "kopi" utaletewa yenye maziwa mazito matamu. "Kopi-o" haina maziwa lakini ina sukari, "kopi-o kosong" haina vyote viwili, "kopi-c" ina maziwa ya kopo yasiyo matamu pamoja na sukari. Ongeza "kurang manis" kama hupendi sukari nyingi. Kipimo chao cha kawaida kitamshinda hata mnywaji wa chai ya maziwa ya nyumbani.

Huandamana na mkate uliobanikwa kwa makaa, ukapakwa siagi na kaya, yaani mayai, tui na sukari vilivyokorogwa juu ya mvuke kwa muda mrefu. Moto ukizidi, mayai hukatika na kaya huwa na chengachenga. Kuna pia mayai ya kuiva nusu: yametolewa nje ya friji mapema, yakatiwa kwenye maji yaliyochemka, jiko likazimwa, yakafunikwa dakika 7. Yai la baridi likiingizwa moja kwa moja, ute wake hubaki maji. Hupasuliwa kwenye kisahani na kutiwa sosi ya soya na pilipili manga nyeupe.

Hapa ndipo ninapoeleza habari ya halali, kwa sababu wageni wengi wa pwani yetu huihitaji na wengine huona haya kuuliza. Malaysia ni nchi yenye Waislamu wengi, lakini vibanda vingi vya Kichina hutumia nguruwe au mafuta yake, hata kwenye vyakula usivyovishuku. Nembo ya halali ya JAKIM, idara ya serikali ya mambo ya Kiislamu, ni ya mduara, ina nyota ya pembe nane katikati. Kibao kinachosema hakuna nguruwe wala mafuta yake hakitoshi: hakisemi kuku amechinjwa vipi, wala kama karai imepitiwa na divai ya mchele. Karibu kila chakula cha Kichina nitakachokitaja kina toleo la Waislamu mahali fulani. Ladha huwa tofauti kidogo, na mara nyingine ni nzuri vilevile.

Saa 5

Soko la Chowrasta, kwa muda mfupi. Nawaonyesha wageni ua la bunga kantan, la jamii ya tangawizi, na majani ya kesum, kwa sababu mchana watavila bila kuviona. Kungumanga hapa huliwa nyama yake ya nje: hutiwa sukari na kukaushwa, au hukamuliwa juisi. Wapandao kungumanga Zanzibar na kuitupa nyama hiyo huondoka na vifurushi.

Saa 6:30 mchana

Char kway teow, tambi pana za mchele za kukaanga. Nakaa na wageni mbele ya karai, si mezani, maana unaona kila kitu. Karai iwe inafuka moshi. Mpishi hutia mafuta (kwa Wachina, aghalabu ya nguruwe), kitunguu saumu, kamba, kisha gramu 200 hivi za tambi, sosi ya soya na pilipili ya kusagwa. Tambi husogezwa pembeni, yai huvunjwa katikati, kisha choroko zilizochipua na vitunguu majani kwa nusu dakika tu. Kombe wadogo huingia mwisho kabisa, wapate joto bila kukauka. Jumla ni dakika 2 hadi 3, sahani moja kwa wakati.

Hiyo sahani moja kwa wakati ndiyo siri yote. Anayepika sahani nne pamoja huipoza karai. Tambi hutoa maji, zinachemka badala ya kukaangwa, na ile harufu ya moshi haiji. Tambi zilizotoka kwenye friji nazo hukatikakatika, kwa hiyo mpishi makini hununua za siku hiyohiyo. Foleni ya dakika 40 mbele ya mtu anayepika moja moja ina maana. Foleni ya mpishi anayepika kwa mkupuo haina. Kombe wa hapa huliwa wakiwa nusu wabichi. Mwenye tumbo jepesi au mjamzito aseme hawataki. Toleo la Kimalay, yaani la Wamalay ambao ni Waislamu, huwa na mchuzi zaidi na halina nguruwe, na ukiomba yai la bata utaletewa mlo mzito mno.

Saa 8:30

Joto limezidi, ni wakati wa cendol, vijinyuzi vya kijani vya unga wa mchele na pandani, barafu, maharage mekundu, tui na sukari ya mnazi. Onja tui kwanza. Tui bichi huharibika ndani ya saa chache kwenye joto hili, hivyo kibanda chenye wateja wengi ni salama kuliko kile chenye ukimya. Liwe na chumvi kidogo. Sukari ya mnazi halisi ina rangi ya kahawia iliyokolea na ladha ya moshi. Sukari ya kawaida iliyounguzwa huacha utamu mtupu.

Wakati wageni wanapumzika, napiga simu kuhakikisha vibanda vya jioni viko wazi. Kila muuzaji ana siku yake ya mapumziko katikati ya wiki, hazifanani. Mwaka Mpya wa Kichina hufunga vibanda vingi siku kadhaa mfululizo. Mwezi wa Ramadhani vibanda vya Kimalay havifunguliwi mchana, lakini kuanzia alasiri masoko ya futari hujaa vyakula ambavyo miezi mingine hupati vyote mahali pamoja.

Saa 10 alasiri

Air Itam, chini ya hekalu la Kek Lok Si, au Balik Pulau upande wa pili wa kisiwa, kwa ajili ya asam laksa. Kama ningeruhusiwa kumwonjesha mgeni chakula kimoja tu Penang, ningechagua hiki. Ni supu ya samaki, chachu na kali, haina tone la nazi. Samaki ni kibua, yuleyule wa kwetu.

Kwa watu 6: kilo 1 ya vibua huchemshwa dakika 12 na kutolewa, nyama ikaondolewa miiba, nusu hupondwa, nusu hubaki vipande. Supu huchujwa, hurudishwa jikoni na pilipili kavu 15, vitunguu vidogo 10 na kijiko kikubwa cha belacan, vyote vimesagwa, pamoja na mchaichai 3, kishada cha kesum, ua moja la bunga kantan lililopasuliwa, vipande 5 vya asam keping, na ukwaju. Asam keping ni tunda chachu lililokatwa na kukaushwa; uchachu wake ni mwepesi, ule wa ukwaju una uzito, na kimoja bila kingine hakitoshi. Baada ya dakika 45 samaki hurudishwa. Humwagwa juu ya tambi nene za mchele, tango, nanasi, kitunguu na nanaa, kisha kijiko cha chai cha hae ko, uji mzito mweusi wa kamba, ambao mlaji huukoroga mwenyewe. Ukizidisha, supu yote huwa tamu na nzito. Samaki aliyelala ndiye anayeharibu laksa kuliko kosa lolote la mpishi. Ukwaju mwingi kiasi gani haumfichi.

Balik Pulau wana pia laksa lemak, ya tui, na unaweza kuomba nusu kwa nusu. Tahadhari ni kwamba jina laksa hubadilika kila jimbo. Kuala Lumpur utaletewa mchuzi wa bizari na tui. Johor mchuzi wa samaki huliwa na spageti. Sarawak ni kamba, tui na viungo vyake vyenyewe. Usiseme umeionja laksa kwa sababu ulikula moja.

Saa 11:30, njiani kurudi mjini

Hapa wageni huniuliza waende wapi baada ya Penang. Wanaopenda wali nawaelekeza pwani ya mashariki. Kota Bharu kuna nasi kerabu, wali uliotiwa rangi ya buluu kwa maua, ukachanganywa na majani mabichi, nazi iliyokaangwa na budu, mchuzi wa dagaa waliochachushwa. Terengganu kuna nasi dagang, wali wa tui wenye uwatu, unaoliwa asubuhi na mchuzi wa jodari. Wapenda vyakula vya Wanyonya, wazao wa Wachina waliolowea hapa zamani, waende Melaka wakale kuku wa buah keluak. Kokwa hiyo ikiwa mbichi ina sumu ya sianidi. Hufukiwa kwenye majivu kwa wiki kadhaa, kisha huloweshwa siku nyingi kwa maji yanayobadilishwa. Ile na iliwe kwa mpishi wa siku zote, si kujaribiwa nyumbani.

Saa 1:30 usiku

Uwanja wa vibanda. Tafuta meza kwanza, shika namba yake kichwani, kisha zunguka kuagiza na kutaja namba. Unalipa chakula kikifika, kila kibanda peke yake, kwa hiyo uwe na noti za ringgit 1, 5 na 10. Kinywaji nunua kwa mwenye eneo. Ndivyo anavyopata kodi ya meza. Usiingie na chakula cha nje.

Hokkien mee ya Penang ni tambi kwenye supu ya maganda ya kamba na mifupa ya nguruwe. Kuala Lumpur jina hilohilo ni tambi nene za kukaanga, nyeusi kwa sosi ya soya. Muislamu anayetaka ladha ya kamba aulizie mee udang kwa Wamalay. Kwa mishikaki ya satay, angalia nyama iwe na alama za makaa na mchuzi wa karanga uwe na mafuta juu.

Saa 4 usiku

Tunamalizia kwa nasi kandar, wali na michuzi ya Wahindi Waislamu, ambao zamani waliuza kwa kubeba vyombo viwili kwenye mzegazega begani. Sema "banjir" na utamwagiwa michuzi mitatu au minne juu ya wali mmoja. Mchanganyiko ndio utamu wenyewe, usiombe itengwe. Chukua bamia na kuku wa kukaanga. Kabla ya kuonyesha kidole kwa kamba mkubwa, ngisi au mayai ya samaki, uliza bei: hivyo huhesabiwa kwa ukubwa, na sahani moja yaweza kugharimu mara tatu ya ile ya jirani yako.